Sanamu ibaki, sifa zishuke?

Wakuu, Eric Gill, mchongaji wa Uingereza aliyefariki 1940, alisifiwa miaka na miaka kama bingwa wa mawe na herufi. Mwaka 1989 kikatoka kitabu cha wasifu wake kilichochimba shajara zake. Humo alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi alivyowaingilia binti zake. Kwa hiyo asije mtu hapa na "hizo ni tetesi".

Sanamu yake ya Prospero na Ariel, mzee na mvulana aliye uchi, iko juu ya mlango wa BBC jijini London tangu miaka ya 1930. Januari 2022 mtu aliipandia na nyundo. Mei 2023 ikashambuliwa tena. BBC wakaikarabati, wakaiwekea kinga.

Mimi nasema jiwe libaki. Kinachonikera ni kibao cha maelezo kikija na lugha ya mafumbo, mfano "maisha binafsi yenye utata". Utata gani? Mtoto kuingiliwa na babaye hakuna utata! Makumbusho ya Ditchling, kijiji alikoishi Gill, walifanya maonyesho mwaka 2017 wakawauliza watazamaji waziwazi: ukishajua haya, bado utaitazama michoro yake ya miili kwa jicho lilelile? Huo ndio uungwana. Au nakosea?

— Mleta mada, kibao anakisoma aliyekuja kutazama sanaa. Aliyewahi kufanyiwa unyama huo akiwa mtoto anapita tu pale mlangoni akienda kazini, na juu yake kuna mtoto uchi. Yeye umemfikiria?

— Na herufi je? Shirika la kulinda watoto la Save the Children liliacha kutumia Gill Sans, fonti aliyoibuni Gill, mwaka 2022. Herufi "a" imemkosea nani?

— Ndugu, herufi haijakosa. Ila shirika la kulinda watoto kubeba jina lile kwenye nembo yake, hapana. Fonti zimejaa tele.

— Nendeni pale kanisa kuu la Kikatoliki la Westminster, London. Vituo 14 vya Njia ya Msalaba ni kazi yake. Mwaka 1998 waathirika waliomba viondolewe. Vipo hadi leo. Makumbusho unaingia kutazama, kanisani unapiga magoti. Kibao utakiweka wapi hapo, mleta mada?

— Hapo umenishika. Mbele ya kile anachopigia mtu magoti, sina jibu la kibao. Hivyo ningevishusha.