Labidochromis, duboisi, brichardi, frontosa au nyererei: nani anavumilia, nani anakua haraka?

Kioo120 aliuliza:

Wakuu, salaam. Nina tangi la kioo la sentimita 120 kwa 40 kwa 50, hapa Dodoma. Likijaa ni lita 240. Maji ni ya kisima: pH 7.8 (kipimo cha uchachu), GH 14 (ugumu wa maji), KH 9 (kabonati zinazozuia pH isiyumbe). Filta ni ya nje, lita 1,200 kwa saa. Umeme hukatika mara mbili tatu kwa wiki, pengine saa nne mfululizo.

Nataka siklidi, yaani samaki wa jamii ya perege na sato, wa maziwa yetu tu. Muuzaji ana Labidochromis wa njano, Tropheus duboisi wale wadogo wa madoa meupe, brichardi, frontosa wa sentimita 5, na nyererei. Naomba kujua yupi anavumilia makosa ya maji na umeme, yupi atakuwa wa kutazamika ndani ya mwaka mmoja, na kama naweza kuweka watatu watatu wa kila aina.

ZiwaNyasa:

Mkuu, naanza na hilo la mwisho. Usiweke watatu watatu. Siklidi wakiwa wachache, mbabe anamchagua mnyonge mmoja na kumwandama kutwa. Utamkuta mnyonge amejibana kona ya juu nyuma ya hita, mapezi yamechanika. Mara nyingi si jeraha linalomuua, ni kuacha kula. Wakiwa kumi na zaidi wa aina moja, hasira inagawanyika na hakuna anayeonewa peke yake.

Kuhusu uvumilivu, neno "mgumu" linachanganya watu. Kuna anayevumilia maji mabaya, kuna anayevumilia chakula kibaya, na kuna anayevumilia wenzake. Duboisi akishazoea tangi safi ni imara kabisa, ila chakula kibaya cha wiki moja kinaweza kummaliza.

Kwa hao watano, Labidochromis caeruleus yuko juu kwa yote matatu. Kiasili ni wa Ziwa Nyasa upande wa Malawi, na rangi ya njano tunayoijua ni ya eneo la Lion's Cove. Anakula wadudu na vijidudu vya kwenye mawe, kwa hiyo protini ya wastani haimdhuru kama inavyomdhuru mla mwani. Ukimchukua akiwa na sentimita 3, kwa kawaida anafika 7 au 8 kabla ya mwaka kuisha, na mkubwa huishia karibu 10. Jike akiwa na mayai mdomoni utaona koo limetuna na taya la chini limeshuka kidogo, hali chakula. Anakaa hivyo wiki tatu hadi nne, kisha anatema vifaranga waliokwisha kuwa samaki kamili.

Nyererei anamfuata, na kwa kukua anaweza hata kumpita. Dume huanza kuonyesha mgongo mwekundu akiwa na miezi sita hivi. Ni furu wa Ziwa Viktoria. Alipewa jina la Mwalimu mwaka 1985, na jenasi yake, Pundamilia, ni neno letu lenyewe.

Mgebuka_K:

Naongezea kuhusu wale watatu wa Ziwa Tanganyika, duboisi, frontosa na brichardi, maana hapo ndipo watu wanapoteza pesa.

Duboisi. Madoa meupe yanayokuvutia ni ya utotoni. Akikua anakuwa mweusi, kichwa cha samawati, na mkanda mweupe au wa njano mwilini. Wa Maswa, eneo la Ziwa Tanganyika, ndio wenye mkanda mpana wa njano. Kukua anakua polepole: hesabu mwaka mmoja au zaidi kufika sentimita 7 au 8. Utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili kwa sababu kazi yake ziwani ni kukwangua mwani kwenye mawe siku nzima. Ukimlisha nyama ya kusaga, moyo wa ng'ombe au chakula cha kunenepesha sato, anavimba tumbo. Dalili ya kwanza si kuvimba. Ya kwanza ni kuchukua punje mdomoni na kuitema. Kisha kinyesi kinageuka uzi mweupe unaoning'inia, anajitenga na kundi, halafu ndipo tumbo linapotuna. Ukisubiri tumbo umeshachelewa.

Ukiona uzi mweupe, acha chakula siku tatu, badilisha theluthi ya maji, toa mkaa kwenye filta, weka metronidazole: kidonge cha mg 200 kilichosagwa kwa kila lita 30 za maji halisi. Rudia baada ya saa 48, jumla mara tatu, na kila kabla ya dozi badilisha robo ya maji. Na duboisi hawawekwi chini ya 12. Wakipungua wanaanza kuuana.

Frontosa usimnunue kwa tangi hilo. Anavumilia vizuri, ana utulivu, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, lakini dume anafika sentimita 30 na zaidi. Anakua taratibu mno: baada ya mwaka huyo wa sentimita 5 atakuwa na 10 au 12 tu, kwa hiyo utadanganyika kwamba tangi linatosha. Nundu ya kichwani inachukua miaka kunenepa. Kama ni wa kuvuliwa ziwani, muulize muuzaji alipandishwaje. Anaishi kwenye kina kirefu, na akipandishwa haraka kibofu chake cha hewa kinajaa kupita kiasi na anaelea tumbo juu.

Brichardi ni mgumu kuliko wote wa Tanganyika katika orodha yako. Tatizo lake ni kuzaa. Jozi ikishika pango, watoto wa mkupuo wa kwanza wanabaki kulinda wa mkupuo wa pili, na ukoo mzima unasukuma kila samaki mwingine hadi pembeni. Kwenye sentimita 120 mweke peke yake au usimweke.

SodaNaChumvi:

Maji yako yanafaa Labidochromis na nyererei bila kugusa chochote. Watu wengi wanafukuzia pH kubwa kwa sababu ni "siklidi wa maziwa", na humo ndimo wanamoua samaki.

Amonia ndani ya maji iko katika sura mbili, na inayoua haraka ni ile isiyo na chaji. Kwa nyuzi 25, pH ikiwa 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, kwenye 8.5 kama 15, na kwenye 9 inapita 35. Yaani amonia ileile isiyosumbua mtu kwenye maji ya pH 7 inaunguza matamvua kwenye maji ya Tanganyika. Kwa hiyo tangi la siklidi lazima likomae kwanza, wiki nne hadi sita, mpaka amonia na naitraiti (nitrite, NO2) zote zisome sifuri siku mbili mfululizo baada ya kulishwa. Ukipata sponji chafu kutoka tangi la mtu lililokwisha komaa, muda unapungua sana.

Kama siku moja utataka brichardi, pandisha KH kwa baking soda: gramu 3 kwa lita 100 zinaongeza KH 1. Ukitoa mawe na mchanga una kama lita 200, hivyo kutoka 9 hadi 14 ni gramu 30. Igawe siku tano, gramu 6 kila siku, iliyokorogwa kwenye jagi kwanza. pH itatulia karibu 8.3 na inamtosha. Kila ukibadilisha lita 60, maji mapya yapewe gramu 9 kabla ya kuingia.

Tafadhali usitumie magadi ya kupikia maharage. Si kitu kimoja na baking soda. Magadi yana kabonati, yanarusha pH juu ya 9 kwa dakika chache, na ya maziwa ya Natron na Magadi huja na floridi nyingi. Wapo siklidi wanaoishi kwenye maji ya aina hiyo, wale perege wadogo wa Ziwa Natron wanaostahimili hata nyuzi 40, ila hao miili yao imeumbwa kwa hayo. Labidochromis hana uwezo huo.

Kioo120:

Asanteni sana wakuu. Basi nikiacha duboisi, frontosa na brichardi, naweza kuweka Labidochromis 12 na nyererei 8? Na umeme nifanyeje?

ZiwaNyasa:

Inakubalika kwa wadogo. Majike wa nyererei ni wa kijivu na wanafanana na majike wa furu wengine, kwa hiyo chukua wanane kutoka beseni moja lenye aina hiyo tu, usichanganye na furu mwingine, maana wanazaliana chotara. Baada ya miezi sita au saba toa madume, ubakize mmoja au wawili. Labidochromis punguza hadi 10. Waingize siku moja wote. Anayetangulia anajimilikisha mawe.

Filta yako ni ndogo kwa siklidi, inazungusha maji mara tano tu kwa saa. Ongeza sponji mbili kubwa za pampu ya hewa, na pampu hiyo iwe ya betri ya volti 12. Hapo umeme ukikatika oksijeni inabaki na bakteria kwenye sponji wanabaki hai. Siku ya mgao usilishe. Samaki mzima anakaa siku tatu bila chakula na haharibiki kitu.

Filta ya nje ikizima zaidi ya saa mbili tatu, usiiwashe tu umeme ukirudi. Maji yaliyolala ndani yake yamekosa oksijeni na yanaanza kunuka kama yai viza, na ukiwasha yote yanamwagika tangini. Fungua, mwaga hayo maji, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, si ya bomba, ndipo uwashe. Na kwa Juni na Julai za Dodoma tafuta hita ya wati 200, uitege nyuzi 25.