Nataka kuwasha hatua mbili kwenye Gmail ila naogopa kujifungia nje mwenyewe

mama_vitenge:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaharibu. Nina duka la vitenge hapa Moro na biashara karibu yote imebebwa na Gmail moja, ukurasa wa Instagram umefunguliwa nayo, picha za mzigo zimo humo, madeni ya wateja yamo humo. Wiki iliyopita jirani yangu wa fremu ya pili wamemchukulia ukurasa wake, huyo aliyeuchukua anawaandikia wateja walipie oda kwa namba nyingine na kuna waliolipa, dada wa watu analia mpaka leo. Na mimi nikaogopa nikaingia kwenye mambo ya usalama nikakuta Uthibitishaji wa Hatua Mbili, yaani ukishaweka pasiwedi wanataka na uthibitisho wa pili kama namba wanazokutumia kwenye simu, kubonyeza wananiuliza namba ya simu nikaishia hapohapo. Hofu yangu ni kwamba simu yangu ishaibiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, sasa ikiibwa tena na Gmail inataka namba za kwenye simu si ndo nimekwisha? Alafu laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la mdogo wangu.

fundi_wa_kkoo:
Dada bora umeuliza sasa, huku dukani wengi wananiletea hilo swali wakiwa washafungiwa na hapo hata mimi sina cha kuwasaidia. Washa, ila kabla hujalala hiyo siku uwe na njia ya kurudia.

Ukishawasha, kwenye ukurasa uleule shuka chini utakuta namba za akiba. Google wanakupa 10, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Chukua kalamu uandike. Usipige skrinishoti, skrinishoti inakaa kwenye simu ileile itakayoibwa. Andika karatasi mbili, moja ndani kwako na nyingine kwa mtu ambaye hata mkigombana hawezi kukufanyia ubaya. Ukija kutoa orodha mpya ile ya zamani inakufa yote, kwa hiyo usizichanganye.

La laini ndo limenishtua. Simu ikiibwa wewe huwezi kuirudisha hiyo laini, mpaka mdogo wako aende mwenyewe na alama zake za vidole. Akiwa kasafiri je? Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, hiyo ya biashara iwe mojawapo.

Na usiishie kwenye meseji. Mtu akifanikiwa kuhamisha namba yako kwenye laini yake, meseji zote zinamwendea yeye. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey ilichukuliwa kwa mtindo huo, na yeye ndo alikuwa bosi wa Twitter yenyewe. Weka apu ya kutoa namba kama Google Authenticator, unaskani ile picha ya miraba mara moja basi, inakupa namba 6 zinazobadilika kila sekunde 30 na haili bando, hata ukiwa porini hakuna mnara inatoa.

mpemba_maskati:
Namuunga mkono fundi. Mimi niko Oman, nilikuja na laini ya nyumbani nikijua meseji zitanifuata, kumbe wapi. Namba za kuingilia email zinatumwa hazifiki, au zinafika kesho yake zishaoza. Siku 9 sikuingia kwenye email yangu na vyeti vyangu vyote vimo humo. Nilikuja kuokolewa na kompyuta ya kaka yangu aliyeko Wete, Pemba, ambayo email yangu ilikuwa bado iko wazi, nikaongozana naye kwa simu mpaka akanitolea namba za akiba. Toka siku hiyo meseji siziamini.

kitochi_original:
Mnamtisha bure mama wa watu. Pasiwedi yangu ina herufi 16, miaka yote hii hakuna aliyeniingilia.

fundi_wa_kkoo:
Mkuu siku ukiiandika kwenye ukurasa feki unaofanana na wa Google, zinaondoka herufi zote 16.

binti_wa_mzee:
Naongezea kitu ambacho kilinitoa jasho. Nilimwekea baba yangu hiyo apu, namba zikawa zinakataliwa kila tukijaribu, nimefuta nimeweka upya mara tatu nikajua nimeshamharibia akaunti. Kumbe mzee simu yake kaiweka saa ya Kiswahili! Saa moja asubuhi inasoma 1:00, anasema ya wazungu inamchanganya. Sasa hiyo apu inapiga hesabu zake kwa kutumia saa ya simu, simu ikiwa nyuma masaa sita inatoa namba za masaa sita yaliyopita. Tukaweka saa ijipange yenyewe kwa mtandao, ikakubali papo hapo. Mzee kanuna, nikamnunulia saa ya ukutani ya kwake.

Na jingine, toka 2023 Authenticator inaweza kutunza namba zako kwenye akaunti ya Google. Kwa akaunti nyingine ni sawa, ila kwa Gmail yenyewe usiitegemee hiyo, maana ukifungiwa nje ufunguo nao uko ndani. Karatasi iko palepale.

mama_vitenge:
Asanteni jamani, jana usiku nimewasha, apu nimeweka, karatasi nimeandika. Sasa leo alfajiri simu inaniuliza kama ni mimi ninayejaribu kuingia, na mimi nilikuwa nimelala! Imekuja mara tatu. Ya tatu nilitaka kubonyeza ndiyo ili inyamaze nikasita.

fundi_wa_kkoo:
Umeponea hapo! Bonyeza hapana, alafu badili pasiwedi sasa hivi, maana mara nyingi hilo swali likija mtu ameshaijua pasiwedi yako na kilichomzuia ni wewe tu. Uber waliingiliwa hivyohivyo Septemba 2022, mfanyakazi wao wa mkataba kasumbuliwa na hayo maswali mpaka akakubali moja. Na mtu akikupigia anajifanya wa huduma kwa wateja anataka namba ulizotumiwa, huyo ni ndugu yake na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kata simu. Hiyo pasiwedi ulikuwa unaitumia na kwingine?

mama_vitenge:
Naona aibu, ndo hiyohiyo kila mahali, jina la mwanangu na mwaka wake. Nimeshabadili Gmail na Instagram. Karatasi moja iko chini ya sanduku la khanga za marehemu mama, hakuna anayethubutu kulifungua. Mdogo wangu kesho tunaenda naye kwa wakala kuihamisha laini, anadai nauli na chipsi kuku.