Mrejesho: kisanduku changu cha thuya kutoka Essaouira

Wapendwa, nimerudi salama. Mwezi uliopita niliuliza hapa namna ya kupatana bei ya kazi za mikono kule Essaouira, Moroko, bila kulanguliwa. Asanteni sana.

Yule aliyeniambia nipite maduka ya barabarani niende moja kwa moja kwa mafundi, kwenye karakana zilizo chini ya ukuta wa ngome ya Skala, Mungu ambariki. Msasa unausikia kabla hujaingia. Thuya, mti wa huko wa kuchongea, inanukia vizuri mno, na mbao ya mzizi wake ina mabaka kama macho madogomadogo.

Nikachagua kisanduku kimoja, nikauliza, "Shhal?", yaani "kiasi gani?" (Bei kwao ni "taman", ndugu wa "thamani" yetu.) Fundi akasema dirhamu 450. Nikataja 200. Hakukasirika, akanimiminia chai ya mnanaa, akafungua kifuniko taratibu, akanipitishia kidole kwenye nakshi ya mbao ya mlimau iliyochomekwa kipande kwa kipande. Sikuhisi hata ufa. Nikapanda mwenyewe hadi 300, tukapeana mikono. Najua wengine mngeshuka zaidi, lakini kwa kazi ile nisingeweza.

Nilipokosea ni mafuta ya argan, yale ya kokwa za mti wa huko. Nilinunua chupa ya bei chee kwa mchuuzi njiani, nikaambiwa ni ya kupikia. Ya kupikia hutokana na kokwa zilizokaangwa, hunukia kama karanga. Yangu hayanukii chochote. Ombeni kuonja kwanza, kwa mkate, kabla hamjatoa hela.