MAN TGA ya 2005: taa zinajizima, waipa zinajiwasha. Nibadili kontrol boksi la bodi au napigwa?

Suka wa Uyole

Wakuu habari za humu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela isiyorudi.

Nina kichwa cha MAN TGA ya 2005, usukani kulia, mwaka wa sita huu nakula nacho. Kazi yangu mbao: napakia Mafinga, nashusha Dar, nikirudi Mbeya nabeba kinachopatikana. Injini haina neno, gia zinaingia, upepo unajaa. Shida ni umeme wa bodi.

Ilianza masika. Natoka Igawa kuja Chimala, mvua inanyesha, waipa zikakataa kuzima. Nikasema swichi. Nikabadili swichi nzima ya usukani, siku tatu shwari, zikarudia. Halafu indiketa ya kulia ikawa inamweka nikikanyaga breki. Siku nyingine nimelala gesti Makambako, asubuhi betri zote mbili hazina kitu. Taa ndogo zimekesha zinawaka na ufunguo ninao mfukoni.

Kilichonitoa jasho ni mteremko wa Kitonga. Nashuka na mzigo, saa mbili usiku, gia ndogo, breki ya injini inanguruma. Katikati ya kona taa za mbele zote zikazima. Sekunde tatu, labda nne. Utingo wangu alishawasha tochi ya simu na kuitoa dirishani, eti atumulikie semi zima. Ningecheka kama mikono isingekuwa imeganda kwenye usukani. Zikarudi zenyewe. Nikajikokota mpaka Ruaha Mbuyuni, nikaegesha hadi kulipokucha.

Fundi mmoja Mwanjelwa kapima kwa mashine, anasema kontrol boksi la bodi limekufa, nilete 1,400,000 aagize la mtumba Dar, na 200,000 ya kufunga. Mwingine anasema nisinunue, atalifungua alioshe kwa petroli, nimpe 150,000. Nani mkweli hapo? Na boksi la mtumba ukilipachika linafanya kazi hivi hivi?

Mzee wa 113

Uza, nunua gari lisilo na akili. Langu, Scania 113 ya zamani, taa ikizima nafuata waya na tochi mpaka naikuta imekatika, naunga, naondoka. Pole lakini, Kitonga bila taa si mchezo.

Fundi Waya Ipogolo

Kamwene kaka Suka. Usitoe hela kwa yeyote kati ya hao wawili bado.

Boksi lenyewe kwanza. MAN wanaliita ZBR, yaani kompyuta kuu ya umeme wa bodi. Kwenye gari la Mzee wa 113, swichi ndiyo inayopeleka umeme kwenye rilei na balbu. Kwako swichi inapeleka ombi tu, boksi ndilo linalofungua umeme uende kwenye taa, indiketa na waipa. Injini ina boksi lake, EDC, na kati ya injini na dereva kuna lingine, FFR. Ndiyo maana taa zinacheza disko huku gari linavuta kama kawaida.

Sasa mashine ikitaja ZBR haijasema ZBR imekufa. Boksi linaripoti linachokiona. Likikosa ethi nzuri, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye betri, litaripoti maajabu, na hayo maajabu yako yananinukia ethi. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri hautulii, unatafuta njia nyingine kupitia balbu ya jirani. Unakanyaga breki, indiketa inamweka. Hiyo nimeiona hata kwenye Fuso zisizo na boksi lolote.

Fanya hivi. Washa taa zote. Multimita iweke kwenye volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye pini ya ethi ya boksi, plagi ikiwa imechomekwa. Isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, ethi yako mbovu na hata boksi jipya litachanganyikiwa vilevile. Kisha chomoa plagi ya tela, endesha siku mbili bila tela uone. Waya wa tela uliochubuka ukigusa chesi unapiga shoti moja kwa moja kwenye boksi. Watu wanafunga boksi jipya, wanaunganisha tela lile lile, jioni wananipigia simu.

Na unijibu: kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa? Kapeti ya upande wa utingo ina unyevu? Umefunga taa za LED? Kuna mtu amechomelea chuma kwenye chesi karibuni?

Hilo la petroli silitaki hata kulisikia. Petroli inakula plastiki na ule utando unaolinda saketi, halafu ni petroli. Saketi huoshwa kwa spiriti safi na brashi laini, ikauke kabisa ndipo iguse umeme.

Suka wa Uyole

Fundi, umenivua nguo hadharani.

Kioo kilipasuliwa na jiwe mwaka jana, kikabadilishwa. Kapeti ya utingo ina maji, yeye kila siku namlaumu anamwaga chai. Taa za nyuma za tela niliweka LED. Na mwezi wa tatu nilikaa siku nne kwenye foleni Tunduma, nikampa kijana mmoja achomelee bracketi ya sanduku la vifaa kwenye chesi. Betri hatukuchomoa.

Fundi Waya Ipogolo

Basi una kesi tatu, si moja.

LED inakula umeme kidogo mno. Boksi linapima umeme unaokwenda kwenye balbu, likiona kidogo linadhani balbu imeungua, linalalamika. Hiyo si ugonjwa. Kuchomelea bila kuchomoa betri ndiko kunakoua maboksi kweli, kwa sababu umeme wa welding unarudi kwa njia yoyote utakayoipata, hata kupitia ndani ya boksi. Toa vichwa vya betri, na ethi ya welding ibane karibu kabisa na pale unapochomelea. Na maji: kioo kikivuja kwa juu, maji yanashuka kwenye nguzo ya kona na kuingia nyuma ya dashibodi upande wa utingo, ndiko umeme wote unakokaa. Kijana wa watu muombe radhi.

Dada Spea

Kaka Suka, kama itafika kununua, usinunue kwa kuambiwa "hili ni la TGA". Toa boksi lako, piga picha kibandiko. Namba za ZBR huanza na 81.25806, kinachofuata ndicho kinachotofautisha boksi na boksi. Zifanane mpaka tarakimu ya mwisho. Muuzaji akikwambia "zinaingiliana", mwambie aandike hayo kwenye risiti pamoja na haki ya kurudisha, uone kama ataandika.

Jambo la pili: omba likatwe na plagi zake, kila plagi ibaki na waya wa kama kiganja. Maji yakishaingia, plagi za zamani zinakuwa zimeoza na hutazipata dukani mpya.

Tatu, usitupe boksi lako hata kama unaliona limekufa. Lina mpangilio wa gari lako: ekseli ngapi, taa zipi zipo, zipi hazipo. La mtumba linakuja na kumbukumbu za gari lingine. Wenye mashine ya MAN wanasoma la zamani kwanza, ndipo wanahamishia kwenye lililoingia. Ukilichoma kabisa kwa majaribio, umejiongezea gharama. Kwenye pikapu na magari madogo mengi ni zaidi ya hapo, maana boksi la bodi ndilo linaloutambua ufunguo. Unapachika la mtumba, gari haliwaki.

Mzee wa 113

Mnazidi kunishawishi nibaki nilipo.

Suka wa Uyole

Ndaga fijo kwa wote. Zimepita wiki tatu, naleta majibu kama nilivyoahidi inboksi.

Nilishuka Ipogolo kwa fundi na gari tupu, bila mzigo. Tulitoa paneli ya upande wa utingo, na hapo ndipo nilipokaa kimya. Njia ya maji inaonekana kabisa, mstari wa vumbi jekundu kutoka kwenye kona ya kioo mpaka juu ya plagi. Plagi moja ukiichomoa inatoa unga wa kijani, pini mbili zimeliwa zimebaki nyembamba kama sindano ya kushonea. Tukapima ethi kama fundi alivyoandika: volti 2.7. Mimi nilidhani multimita mbovu. Tukafuata waya hadi pale unapofungwa kwenye bodi, bolti ina kutu na mtu alishawahi kupaka rangi juu yake. Tukakwangua mpaka chuma kikang'aa, tukafunga upya: 0.1.

Waipa zikatulia palepale. Indiketa ikaacha ushabiki wake na breki. Nikataka kurudi nyumbani, fundi akacheka akasema subiri usiku. Usiku taa ya kulia ya mbele haikuwaka, na taa ndogo zikagoma kuzima hadi uchomoe betri. Balbu nzima, waya mzima, kwenye boksi hakutoki kitu. Tukalifungua. Karibu na pembe moja kuna chipu ya ukubwa wa kucha, pembeni yake doa jeusi na rangi ya saketi imevimba. Kama ni Tunduma au ni maji, hakuna anayeweza kuapa. Mimi najua moyoni ni Tunduma.

Tela nalo tulilikagua kabla ya kununua chochote. Plagi imejaa tope, na juu ya ekseli ya pili waya umesuguana na chesi mpaka shaba nje. Tukaunga, tukavisha bomba, tukafunga mbali na chuma.

Boksi la kwanza lililotumwa kwa basi kutoka Dar lilitofautiana tarakimu mbili za mwisho. Muuzaji akasema, maneno yale yale, "zinaingiliana". Dada Spea, nilimwomba aandike. Hakuandika. Nikalirudisha kwa basi la jioni. La pili namba sawasawa, pamoja na plagi zake, 950,000. Plagi moja tu ndiyo tuliibadili, waya kwa waya, kila kiungo tumelehemu, kazi ya siku nzima. La zamani lilikuwa bado linaongea na mashine, likasomwa, mpangilio ukahamishwa. Kwa tamaa yangu nilimwomba fundi kwanza alijaribu hilo la mtumba bila kuhamisha. Likawaka, lakini kioo cha dashibodi kikaanza kudai taa ambazo gari langu halijawahi kuwa nazo.

Kuhamisha, plagi, kazi ya siku mbili na waya wa tela: 420,000. Kioo kilitolewa kikabandikwa upya kwa gundi ya kazi hiyo, 120,000. Kisha utingo akasimama na mpira wa maji akakimwagia dakika ishirini, mimi nimekaa ndani nimeweka karatasi za chooni kila kona. Zikatoka kavu. Nimemuomba radhi ya chai.

Juzi nimeshuka Kitonga na mbao, saa tatu usiku, taa zinawaka kama mchana. Kijana alikuwa na simu mkononi njia nzima.

Boksi la zamani ninalo. Mwenye kuhitaji chipu za ndani aje inboksi, yuko huru kulichukua bure akinikuta Uyole.