Kikundi cha ukoo: Juma na mwanawe Tariq wanatafuta gari la rimoti

JUMAMOSI

Juma, 19:04
Hamjambo wote. Mimi na Tariq tumekubaliana kununua gari la rimoti, lile la kukimbiza kwenye vumbi na matuta. Tunataka moja tu lifanye kazi mbili: siku za kawaida tulichezee, na siku za mashindano tuingie nalo. Nimeona moja monsta traki kubwa, skeli ya 1/8, yaani moja ya nane ya gari halisi, betri ya seli sita, wanasema inapita kilomita 90 kwa saa. Mjomba Saidi, shikamoo. Nichukue hiyo?

Mjomba Saidi, 19:11
Marahaba mpwa wangu. Usichukue chochote leo. Nijibu kwanza mambo mawili. Siku za kawaida mtalikimbiza wapi? Na hao mnaotaka kushindana nao wanaendesha gari gani?

Juma, 19:13
Siku za kawaida ni hapa nyuma ya nyumba, uwanja wa udongo, urefu kama hatua thelathini. Mashindano tungekuja kwenye njia yenu ya mbio. Wanachoendesha wenzako sijui, ndiyo kwanza nakuuliza.

Faraji, 19:15
Kaka, hatua thelathini na gari la kilomita 90? Ukibana moto tu, yaani kitufe cha mwendo, umeshafika ukutani.

Mjomba Saidi, 19:22
Faraji kasema kweli. Sekunde moja kwa mwendo huo ni mita 25. Uwanja umekwisha kabla kidole hakijarudi. Na gari lenyewe lina kilo tano au zaidi, likimgonga mtoto mguuni ni jeraha la hospitali.

Halafu mashindano. Haya magari hushindana kwa madaraja: skeli gani, bodi ya aina gani, yanavutwa na magurudumu mawili au manne, mota ya namna gani. Ukija na gari zuri ambalo halina wenzake, utazunguka peke yako. Nimeona watu wengi wakinunua kwanza na kuuliza baadaye, na wengi wao hawarudi mara ya tatu. Kwetu daraja lenye watu wengi ni pikapu za 1/10 zinazovutwa na magurudumu ya nyuma.

Juma, 19:24
Pikapu ndiyo zile wanazoziita shoti kosi?

Mjomba Saidi, 19:31
Ndizo. Zimeigwa kutoka pikapu halisi zinazokimbizwa Marekani jangwani na kwenye viwanja vya matuta. Traxxas walitoa Slash mwaka 2008, ikapendwa mno, na viwanda vingine vikafuata na za kwao. Kabla ya hapo malori ya mashindano ya 1/10 yalikuwa stediamu traki, yale yenye matairi yaliyo wazi nje ya bodi. Bado yapo, na ni mepesi kuliko pikapu, yanakata kona vizuri sana.

Lakini angalia tofauti hii. Stediamu traki mbili zikigusana kwenye kona, tairi linalozunguka la huyu linapanda juu ya tairi la yule, na moja linarushwa hewani. Pikapu ina bampa mbele na nyuma, na bodi inafunika matairi. Mnagusana, mnasukumana, mbio inaendelea. Kwa mtu anayeanza hilo ni jambo kubwa kuliko mwendo.

Mwajuma, 19:33
Hamjambo. Nasoma kimya kimya. Swali langu ni la betri. Hizi si ndizo zinazowaka moto ndani ya nyumba?

Mjomba Saidi, 19:34
Mwajuma nitakuja kwako, swali lako ni zito. Ngoja nimalize la Juma.

Faraji, 19:36
Mjomba, na mimi nitetee monsta traki kidogo. Yangu ni ya 1/10, matairi makubwa, inapita kwenye majani, kokoto, mizizi. Pikapu kwenye majani marefu inakwama, tumbo liko chini. Kama Juma angekuwa wa kuchezea tu ningemwambia monsta.

Mjomba Saidi, 19:40
Na ungekuwa umemshauri vizuri. Kama ni majani na mawe tu, monsta. Kama ni kupanda miamba polepole, kuna kroula, hiyo haina haja ya mwendo kabisa. Kama ni mbio tu na mtu yuko tayari kujifunza kufunga kila skrubu, angechukua trugi ya 1/8, gari la mbio lenye umbo la lori, au stediamu traki ya kujiunganishia. Ila Juma anataka yote mawili, na uwanja wake ni udongo uliosagika. Hapo mimi nasema pikapu.

Juma, 19:42
Za magurudumu manne je? Nimesikia hazitelezi.

Mjomba Saidi, 19:53
Zinatoka kwenye kona vizuri zaidi, kweli. Lakini fungua chini uone. Yenye kuvuta nyuma tu ina difu moja, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, na ekseli mbili, basi. Yenye kuvuta kote ina difu mbele na difu nyuma, nyingine hata katikati, na shafti za kuziunganisha. Kila kimoja kina beringi, grisi na meno yanayoweza kukatika. Utakuwa unafungua gari Ijumaa usiku badala ya kuliendesha.

Tena ya kuvuta nyuma inafundisha kidole. Kwenye udongo mkavu ukibana moto wote katikati ya kona, nyuma inakuja mbele. Unaingia kona taratibu, unasubiri pua ielekee unakotaka kwenda, ndipo unaongeza, kidogo, halafu kidogo tena. Aliyezoea hivyo kwenye magurudumu mawili, mpe gari lolote ataliendesha. Aliyeanzia kwenye manne akija kwenye mawili anahangaika msimu mzima.

Juma, 19:55
Nimekuelewa. Na mota? Za brashi au zisizo na brashi?

Mjomba Saidi, 20:04
Mashindano ya wanaoanza mengi ni mota ya brashi iliyokuja na gari, au isiyo na brashi ya 17.5, hiyo namba ni mizunguko ya waya ndani yake. Namba ikiwa kubwa mota ni pole. Soma sheria za njia unayokwenda, usikisie.

Ya brashi inatosha kabisa kuanzia. Brashi, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zinalika, ndiyo, ila mota yake ni rahisi kubadilisha. Isiyo na brashi haina cha kulika zaidi ya beringi, na ina nguvu nyingi. Mfano: mota ya KV 3000, yaani mizunguko 3000 kwa dakika kwa kila volti, kwenye betri ya volti 7.4 inazunguka karibu mara 22,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ichomeke kwenye volti 11.1, yaani betri ya seli tatu, ni zaidi ya 33,000. Gari lilelile, gia zilezile. Ndiyo maana watu wanasaga difu siku walipobadilisha betri na wanashangaa.

Faraji, 20:06
Hilo lilinipata mimi. Niliweka betri ya seli tatu na pinioni kubwa, ile gia ya kwenye mota, kwa wakati mmoja. Dakika nne tu nikasikia harufu. Mota ilikuwa ya moto hata kushikika haishikiki, na ikafa hapo hapo.

Mjomba Saidi, 20:08
Ukiongeza volti unapunguza pinioni. Na kila ukibadilisha gia, kimbiza dakika mbili tatu, simamisha, gusa mota. Isizidi nyuzi 75 hivi. Kama huna kipimajoto, weka kidole: ukishindwa kukiacha sekunde tano, gia ni ndefu mno, rudi kwenye pinioni ndogo.

Mama Tariq, 20:12
Shikamoo babu. Ni Tariq, nimeomba simu ya mama. Kwa nini gari likiruka tuta linatua kwa pua?

Mjomba Saidi, 20:20
Marahaba mjukuu wangu. Umeuliza swali zuri. Gari likiwa hewani bado unaliendesha, kwa moto na breki. Magurudumu yanazunguka kwa kasi. Ukishika breki yanasimama ghafla, ule mzunguko unahamia kwenye gari zima, pua inashuka. Ukibana moto yanazunguka zaidi, gari linajibu kinyume, pua inapanda. Sasa wengi wakiona tuta wanaogopa, wanaachia moto au wanashika breki pale pale kwenye mdomo wa tuta. Pua inaanguka.

Jaribu hivi: panda tuta kwa moto uleule, usiongeze, usipunguze. Likiwa hewani angalia pua. Inashuka, bana kidogo. Inapanda, gusa breki kidogo. Lilaze gari sambamba na mteremko wa kutua.

Pikapu ina lake jingine. Bodi ni pana na imefunika pande zote, kwa hiyo upepo unaingia chini yake kama mwavuli na kuinua pua. Ndiyo maana utaona za mashindano zimetobolewa matundu nyuma ya bodi na kwenye bampa la nyuma, upepo upite. Uliza sheria kwanza, halafu baba akukatie taratibu kwa mkasi wa bodi, kona za tundu ziwe za duara. Kona kali inapasuka.

Mama Tariq, 20:21
Asante babu. Nimeandika.

Mjomba Saidi, 20:36
Mwajuma, sasa nije kwako. Betri ziko namna mbili. Nikeli, yaani NiMH, seli sita volti 7.2, ni nzito na nguvu yake inashuka mapema, lakini ni vumilivu. Lipo, yaani lithiamu polima, ni nyepesi na ina nguvu, ila ina masharti, na ndiyo hiyo unayoiogopa. Seli moja ya lipo ikijaa ni volti 4.2. Isishuke chini ya 3. Ukiihifadhi iache kwenye 3.8, si ikiwa imejaa, si ikiwa tupu. Chaja iwe ya kusawazisha seli. Betri ya 5000 mAh ichajiwe kwa ampea 5, isizidi.

Na chaji unapokuwepo. Usiende sokoni, usilale. Ndani ya mfuko usioshika moto au sanduku la chuma, juu ya saruji, mbali na pazia.

Mwajuma, 20:38
Na ikivimba?

Mjomba Saidi, 20:43
Ikivimba imekwisha. Isichajiwe tena hata mara moja, isitobolewe, isikandamizwe. Miaka ya nyuma niliwahi kuweka moja kwenye droo na kuisahau ikiwa imejaa. Miezi kadhaa baadaye nafungua droo, imekuwa kama mto. Niliitoa nje kwa koleo mkono ukitetemeka, maana chumba cha pili wanangu walikuwa wamelala. Tangu siku hiyo kila nikirudi kutoka kwenye njia, kazi ya kwanza ni betri kabla ya kuvua viatu.

Juma, kwenye kidhibiti kasi kuna mpangilio wa lipo wa kukata moto betri ikishuka. Hakikisha umewashwa. Vingine hutoka kiwandani vikiwa kwenye nikeli, na hapo hakuna kinachoilinda.

Mwajuma, 20:45
Asante mjomba. Hapo nimeridhika. Juma hilo sanduku la chuma linunuliwe siku moja na gari, si baadaye.

Juma, 20:46
Nimekubali dada. Mjomba, kuna kitu kingine cha kuangalia kabla ya kuagiza?

Mjomba Saidi, 20:57
Spea. Hili ningeliweka hata juu ya mwendo. Kabla ya kuchagua gari, tafuta mkono wa mbele wa gari hilo, ule unaoshika gurudumu. Ukiupata kwa urahisi, endelea. Ukikosa, achana nalo hata kama ni zuri namna gani. Mikono ya mbele ndiyo inavunjika kwanza, maana kila kigingi unakigonga kwa kona ya mbele. Agiza jozi mbili pamoja na gari. Na sevo, kile kifaa kinachogeuza magurudumu: nyingi zinazokuja na gari ni za plastiki ndani. Ikianza kulalamika, weka yenye gia za chuma.

Gari likifika, usiliwashe bado. Zungusha kila skrubu inayoingia kwenye chuma, yenye kulegea itie gundi ya skrubu. Halafu meno ya pinioni na gia kubwa: kata kipande cha karatasi ya daftari, kipitishe katikati ya meno, sukuma mota mpaka yashikane, kaza, toa karatasi. Karatasi itoke imekunjamana kama feni, haijachanika. Ikichanika meno yamebanana mno. Yakiwa mbali sana utasikia mlio wa kusaga, na kesho huna gia.

Faraji, 20:59
Na mjomba umwambie ya kuwasha: rimoti kwanza, gari baadaye. Kuzima ni kinyume.

Mjomba Saidi, 21:00
Kabisa. Gari lisibaki na moto wakati rimoti imezimwa.

Juma, 21:02
Basi imeamuliwa. Pikapu ya 1/10, inavuta nyuma, mota ya brashi, mikono jozi mbili, sanduku la chuma. Tariq anaruka ruka hapa.

IJUMAA, WIKI TATU BAADAYE

Juma, 18:40
[Picha]
Mjomba, siku ya pili tu kigingi cha kamba ya nguo. Mkono wa mbele kulia. Tariq ameubadilisha mwenyewe, mimi nilimshikia tochi tu.

Mjomba Saidi, 18:44
Hongera Tariq. Naona kwenye picha skrubu ya chini imekaa mshazari. Itoe, uiingize kwa vidole mpaka ishike uzi wake, ndipo ukaze. Magurudumu ya mbele yainue, yageuze kulia na kushoto, yasigande mahali.

Mama Tariq, 18:52
Babu ni Tariq. Ilikuwa mshazari kweli. Sasa inageuka laini. Na mota nimegusa baada ya dakika tatu, nikahesabu mpaka saba.

Mjomba Saidi, 18:55
Gia zenu ziko sawa, msiziguse. Kesho njooni saa mbili asubuhi, mbio za kwanza ni saa tatu. Kila mbio dakika tano. Ukimaliza yako, unasimama kwenye kona kuokota yaliyopinduka kwenye mbio inayofuata, ndiyo utaratibu, hata bingwa anasimama. Tariq avae viatu vya kufunga na aje na kofia. Nimemwombea kona ya pili, pale kwenye tuta refu, aone wengine wanavyotua kabla hajaruka yeye.

Mama Tariq, 18:56
Sawa babu. Betri niache kwenye 3.8 au nijaze leo?

Mjomba Saidi, 18:57
Iache. Tutajaza kesho hapahapa, mimi nikiwepo.