Naomba ushauri: vyembe vya kuwindia vinapiga kushoto, na msimu umekaribia

Muulizaji (Grand Rapids, Michigan): Habari zenu, ndugu zangu. Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hapa Michigan hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, nami nimebakiwa na wiki tatu. Majira yote ya joto nimefanya mazoezi kwa vyembe (vichwa vya mishale) vya mviringo, visivyo na makali ya pembeni, na kwa umbali wa yadi 30 mishale yangu hukusanyika mahali panapoweza kufunikwa na kiganja. Jumamosi nilifunga vyembe vya kuwindia vyenye makali matatu yasiyokunjika, uzito uleule wa greni 100, na mishale yote ikapiga inchi 5 kushoto. Je, nisogeze kilengeo (kifaa cha kulengea kilicho kwenye upinde) tu, au upinde wenyewe una kasoro? Naogopa kumjeruhi mnyama akaenda kufia nisikoweza kumpata.

Jibu la 1: Ndugu, kilengeo usikiguse kwanza, kwa sababu ukikisogeza utakuwa umeficha kasoro badala ya kuiondoa. Makali yale hufanya kazi kama mabawa madogo mbele ya mshale: mshale ukitoka upindeni umeinama japo kidogo, hewa huyashika na kuuvuta pembeni, ilhali kwa chembe cha mviringo manyoya ya nyuma huwahi kuunyoosha. Sogeza kiegemeo cha mshale, yaani kifaa ambacho mshale hulalia kwenye upinde, kuelekea kulia, yaani upande unaotaka vyembe vya kuwindia viende, kwa kiasi kidogo sana, kama nusu milimita kila mara. Kila ukisogeza, piga mishale ya aina zote mbili, uendelee hivyo mpaka ikutane mahali pamoja. Kilengeo kifuate baadaye.

Jibu la 2: Naunga mkono, ila kabla ya kugusa kiegemeo, zungusha kila mshale na utazame ncha. Ikiyumba, chembe hakikukaa sawasawa, na mshale huo utakudanganya siku nzima. Vilevile, tumia shabaha ya povu gumu, kwa kuwa ile ya mfuko uliojazwa matambara itakatwakatwa. Vyembe vya kufanyia mazoezi visiende msituni, maana makali yake yamekwisha kuwa butu. Tenga vipya kwa ajili ya mnyama.

Jibu la 3: Mdogo wangu, ikiwa utawinda ukiwa juu ya mti, fanya mazoezi kutoka juu, umejifunga mkanda wa usalama na umevaa koti lilelile utakalowindia, kwani upote (kamba ya upinde) ukigusa mkono wa koti mshale hupotea. Elekea chini kwa kuinama kiunoni, wala usishushe mkono peke yake. Tena, kila asubuhi piga mshale mmoja tu, kisha uweke upinde. Mimi huuthamini mshale huo kuliko arobaini ya jioni, kwa sababu msituni utapata mmoja.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Mishale miwili iliyumba, nikaitenga. Baada ya kusogeza kiegemeo mara tatu, tofauti imebaki inchi 1 kwa yadi 20. Kesho alfajiri nitapiga mmoja kwa yadi 30, nikiwa nimevaa koti.