Máximo Gómez na urais wa Cuba: alikosea kuukataa?

Mleta mada: Wadau, huyu mzee alizaliwa Baní, Jamhuri ya Dominika, 1836, lakini ndiye jemadari wa vita vya uhuru vya Cuba dhidi ya Hispania, 1868 hadi 1878, kisha tena 1895 hadi 1898. Katiba ya 1901 ikasema hata asiyezaliwa Cuba anaweza kuwa rais akiwa ameipigania miaka isiyopungua 10. Kila mtu alijua kanzu hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani. Mzee akaikataa, akamuunga mkono Estrada Palma, ndiye akawa rais wa kwanza. Mimi nasema alikosea. Angekaa yeye, Marekani isingewapachika ile nyongeza ya Platt, kifungu cha katiba kilichoipa Marekani haki ya kuingilia mambo ya Cuba.

Mwana Ujiji: Mgeni ni mgeni hata akichimba kisima. Waulizeni Wazanzibari habari za Okello, Mganda wa Lango. Januari 1964 yuko redioni, Fildi Marshali. Machi hana pa kutua. Gómez aliona mbali.

Bi Mkunazini: Kila mada lazima mpitie kwetu? Okello alifika Pemba 1959, hesabu mwenyewe miaka. Gómez alioa Mcuba, Bernarda Toro, na watoto wakazaliwa vitani. Ukitaka kulinganisha, linganisha vinavyolingana.

Mwana Ujiji: Hasira za nini, dada yangu? Basi tumwache Okello. Che Guevara je? Muargentina aliyepigania mapinduzi ya Cuba, akapita Kigoma hapa hapa 1965 kwenda Kongo, akajiita Tatu. Cuba wamezoea kuazima makamanda.

Kobe Mzee: Mleta mada, Platt iliingia Juni 1901, uchaguzi ukafanyika Desemba. Angezuia nini, mvua iliyokwisha kunyesha?

Chuma Ulete: Mnampamba tu. Huyo alikuwa askari wa Hispania! Wadominika wenzake walipoamka 1863 kuitimua Hispania, yeye alikuwa upande wa pili. Walipomshinda akahamia Cuba na mabwana zake. Halafu akaja kuchoma miwa ya maskini. Shujaa gani huyo?

Mkata Miwa: "Miwa ya maskini"! Umewahi kuingia shamba la miwa wewe? Mimi nimekata misimu 4 Kilombero. Miwa tunaichoma wenyewe kabla ya kukata, majani makavu yaishe na nyoka wakimbie. Asubuhi unaingia, ukitoka uso kama chungu cha maharage. Shina halifi, linachipua tena. Panapouma ni kiwandani: miwa ikishaungua, siku zikipita bila kusagwa sukari inakimbia, unabaki na kuni. Gómez alilijua hilo. Julai 1895 akapiga marufuku kusaga. Kiwanda kikilala, Hispania inakusanya kodi wapi? Aliilenga hazina, si maskini.

Na panga usilidharau. Wapiganaji wake wengi walikuwa watu wa mashamba, utumwa Cuba umekoma 1886 tu. Hakuwafundisha kushika panga, aliwafundisha kusubiri. Pale Pinos de Baire, 1868, walijificha kando ya njia mpaka safu ya Wahispania ikawafikia, ndipo wakainuka.

Chuma Ulete: Panga lishinde bunduki, hadithi za kijiweni hizo. Wahispania walimalizwa na homa ya manjano. Inasemekana hata Gómez mwenyewe aliwataja majenerali wake bora: Juni, Julai na Agosti. Halafu umelikwepa swali. Kiwanda kimefungwa, manamba wanakula nini?

Mkata Miwa: Kumbe unajua neno manamba! Miwa unaikatia wapi, juu au chini?

Chuma Ulete: Linahusiana nini na mada?

Mkata Miwa: Chini kabisa, usawa wa udongo, ndiko kwenye sukari nyingi. Hujui. Kaa kimya.

Kobe Mzee: Swali la manamba ni halali, bwana Mkata, na hujalijibu. Ila njaa kubwa aliileta Weyler, jenerali wa Hispania. Kuanzia 1896 aliwaswaga watu wa shamba hadi mijini, ndani ya uzio wa jeshi, wakafa maelfu kwa maelfu. Msiutwike moto wa Gómez mzigo wote.

Mleta mada: Jamani, urais! Hivi 1899 si baraza la wapiganaji wenyewe lilimvua ukamanda? Alikubali dola milioni 3 za Marekani za kuwaaga askari, dola 75 kila mmoja.

Mwana Ujiji: Unaona? Angekuwa mtoto wa nyumbani wangemvua?

Bi Mkunazini: Waligombana naye kwa fedha, si kwa Baní. Mwanawe Panchito alizaliwa Cuba 1876, vita vinaendelea. Desemba 1896 akauawa kando ya maiti ya Maceo, jenerali mwenzake Gómez, ana miaka 20. Baba yake mnaendelea kumuita mgeni. Haya.

Chuma Ulete: Maceo si alikufa siku moja na Martí, yule mshairi kiongozi wa vita vya uhuru?

Kobe Mzee: Martí alikufa Mei 1895, Dos Ríos. Zaidi ya mwaka mzima kabla.

Mkata Miwa: Tarehe hajui, miwa hajui. Chuma, bado nasubiri: ulishawahi kukata hata mmoja?